Bati la Huku, Udongo wa Kule

Kabla jiko halijauzwa, Shangazi alilipanda. Alivua kandambili, akashika gauni lake kwa mkono mmoja, akaweka mguu wa kulia, akaweka wa kushoto, akasimama wima juu yake kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Na Shangazi hakuwa mwepesi. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba Mungu alipogawa nyama alimpa fungu lake, kisha akamwongezea na ya watu wawili waliochelewa foleni. Jiko likinyamaza chini yake, aliligonga kwa kisigino, akashuka na kusema, "Litoke." Likilia hata kidogo, kii, alilirudisha kwa fundi aliyelikunja bila kusema neno, na fundi naye hakuuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya safu nzima ya mafundi bati, kuanzia duka la misumari mpaka kwenye mtaro: jiko lisilombeba fundi wake haliuzwi. Fundi mwembamba aliazima mtu mzito, na wengi walimwazima yeye. Asubuhi ungesikia kutoka kila kibanda, "Shangazi, njoo unipandie!" naye angeenda huku akilalamika kwamba amepanda majiko mengi kuliko ngazi na bado hajafika ghorofani.

Shangazi wa kweli alikuwa wa watoto wa kaka yake tu. Jina lilitoka nyumbani likamfuata kazini, nalo likakaa.

Kaka yake, marehemu sasa, ndiye aliyeanzisha yote. Alikuwa fundi mwenye mikono myepesi na mdomo mzito. Katika ujana wake alivuka mpaka kwenda kuuza ndoo nchi ya jirani, akarudi na ndoo zake zote, na mchumba juu yake. Mama yao alimtazama binti, akatazama ndoo, akauliza, "Wewe ulikwenda kuuza au kununua?" Binti akawahi kujibu, "Hajaninunua, mama. Ndoo zilikuwa nzito, nimemsindikiza." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Binti akaingia ndani, akawa wa nyumba ile.

Sasa huyo binti alikuwa mfinyanzi, mtoto wa wafinyanzi. Udongo wa kwao ni mwekundu na mzito, ukishachomwa hauogopi moto. Udongo wa upande huu unafaa kwa matofali, lakini ukiwekewa mkaa unakosa subira. Tena upande wa kule mapipa chakavu utayatafuta kwa tochi, na huku yamejaa kila uani. Basi mume akakunja bati la nje, mke akafinyanga chungu cha ndani chenye matundu ya kuangushia majivu, katikati wakashindilia saruji iliyochanganywa na majivu, na hapo likazaliwa jiko ambalo mji mzima ulikuja kulijua. Lilikula mkaa kidogo, likashika moto tangu asubuhi mpaka jioni.

Ili bati na chungu vielewane, yule bwana alifua pete mbili za chuma. Ndogo akampa mkewe, ndiyo kipimo cha mdomo wa chungu. Kubwa akampa dada yake, ndiyo kipimo cha mdomo wa bati. Ukilaza ndogo ndani ya kubwa, kidole kimoja kinapita katikati pande zote, na hiyo ndiyo nafasi ya saruji. "Mkigombana," aliwaambia, na kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu, "msigombane kuzidi kidole."

Alipofariki, mkewe alirudi kwao penye udongo na tanuri, akaondoka na pete yake. Hakukuwa na ugomvi. Kazi iliendelea vilevile. Kila wiki lori dogo lilivuka mpaka na vyungu vilivyofungwa kwa majani makavu, na safu nzima ilikimbilia kushusha. Hakuna aliyesema vyungu vimetoka nje. Walisema, "Vya Wifi vimefika." Kwa Shangazi alikuwa wifi kweli, lakini mafundi wote walimwita Wifi, hata wanaume waliopaswa kumwita shemeji. Kosa lililokuja kufanyika baadaye lilianzia hapo, katika midomo iliyozoea.

Nchi ya jirani pakajengwa kiwanda. Kikaanza kutoa majiko kwa mashine, mekundu na ya bluu, yanayong'aa, yaliyopangwa moja juu ya jingine kama sahani. Bati lake lilikuwa jembamba hata ukilibonyeza kwa gumba linacheka. Mafundi waliyaita majiko ya karatasi. Lakini bei yake ilikuwa chini, na mteja hana ukoo. Yalivuka mpaka kwa malori, yakapangwa sokoni mbele kabisa, na majiko ya safu yakasukumwa nyuma karibu na mafagio.

Aliyeumia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa fundi mmoja waliyemwita Kengele, kwa sababu hakuna siri iliyowahi kulala ndani yake. Alikuwa mfupi, mwepesi wa mkono, mwepesi wa hasira.

"Tunachinjwa huku tunatazama!" alipiga kelele. "Shangazi, wewe ndiye mwenyekiti wetu. Mwite mkuu wa biashara aje aone!"

Shangazi akamwita. Mkuu wa biashara akaja, mtu mtaratibu mwenye miwani inayoteleza, na nyuma yake akaja mtu wa redio na kinasa sauti. Safu yote ikakusanyika. Shangazi akaleta jiko moja la karatasi, la bluu, akaliweka katikati. Hakuwa amepanga hotuba. Alivua kandambili, akalipanda.

Mguu ukazama mpaka kwenye kifundo. Akajaribu kuutoa, ukakataa. Watu wakaangua kicheko, na Shangazi, badala ya kuona haya, akapiga hatua mbele na jiko lake mguuni, kwa-kwa-kwa juu ya kokoto.

"Mheshimiwa, umeona? Hili si jiko, hiki ni kiatu! Na hata kama kiatu, kimenibana!"

Mkuu wa biashara mwenyewe alicheka, miwani ikaanguka. Kengele akamsogelea Shangazi, akamnong'oneza kwamba wakifungiwa majiko tu, wajanja wataleta vipande na kuviunga huku. Shangazi akaona ni kweli. Akainua mkono.

"Fungeni lango! Jiko lisipite, mguu wa jiko usipite, mfuniko usipite! Chochote kiitwacho cha jiko kutoka nje, kikome pale pale!"

Safu ikashangilia, nyundo zikapiga mabati. Jioni ile sauti yake ilisikika kwenye redio za mji mzima. Haukupita muda, katazo likatoka, kama lilivyoombwa, neno kwa neno. Majiko ya karatasi yakatoweka sokoni. Ya safu yakarudi mbele, mafagio yakarudi nyuma, na Shangazi akawa anatembea katikati ya njia kama mtu aliyeinunua.

Kisha Wifi akapiga simu.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo. Nimeambiwa mimi ni bidhaa ya nje."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mtu wa forodha wa kwenu. Lori limerudishwa, vyungu vimeshushwa juani. Anasema ni amri."

"Huyo kalewa," alisema Shangazi. "Nisubiri. Nakuja kumlevua."

Akavaa viatu vyake vya kwendea ofisini, akapanda gari, akafika mpakani kifua mbele. Ofisa wa forodha alikuwa kijana mwenye meza safi na chupa ya chai. Alipomwona mlangoni akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, kuna vyungu vyangu mmevishika."

"Vipo, mama. Ila havipiti. Ni vya nje."

"Si vya nje, ni vya wifi yangu."

"Wifi yako anaishi wapi?"

"Pale." Shangazi akanyoosha kidole dirishani. Ng'ambo ya kizuizi yalionekana mapaa ya mabati, na moshi mwembamba wa tanuri.

"Pale ndiyo nje, mama."

Shangazi akatazama kidole chake mwenyewe kama kimemsaliti. "Na nani katunga amri ya kijinga namna hii?"

Ofisa akakohoa, akapanga upya kalamu zilizokuwa zimeshapangwa. "Mama, nisamehe, nilikusikia redioni. Mke wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Ulisema chochote kiitwacho cha jiko. Ulikuwa na moja mguuni."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wachache huingia wakiwa wamevaa viatu vya ofisini. Shangazi akatoka nje bila kuaga.

Wifi alikuwa amesimama upande wake wa kizuizi, kitambaa kichwani, udongo mkavu mpaka kwenye viwiko. Kati yao palikuwa na mti mmoja wa chuma uliopakwa rangi, ambao mbuzi walipita chini yake wakienda na kurudi bila kuulizwa kitu.

"Wifi, mimi nilisema majiko ya kile kiwanda," Shangazi alianza.

"Ulisema chochote cha jiko. Redio tunayo na huku."

"Sikukufikiria wewe hata kidogo!"

"Ndiyo hiyo sasa, wifi," yule mwenziwe akasema taratibu. "Hukunifikiria."

Shangazi akashika kile chuma kwa mikono miwili.

Wifi akaendelea. Watu wa kiwanda walikuwa wamemjia. Walitaka vyungu vya kupeleka masoko mengine, tanuri lake lote liwe lao. Lakini bati lao lilikuwa dogo, na hawakutaka vipimo viwili kuchanganyika. Walimpa pete yao. Akikubali, avunje kalibu zake zote za zamani za kufinyangia vyungu na aanze upya.

"Na pete ya kaka?"

"Nitaitundika ukutani, ikae kama picha. Nifanye nini, wifi? Tanuri haliishi kwa kumbukumbu. Mwenye kiwanda anataka jibu siku ya gulio kubwa. Vyungu vyako vikiwa bado juani siku hiyo, navunja kalibu."

Hakumwambia kwa hasira, na hilo ndilo lililomsumbua Shangazi njia nzima ya kurudi. Hasira ya wifi mtu huizoea. Upole wake ndio unaotisha.

Kwenye safu, Kengele hakuona shida. "Udongo ni udongo," alisema. "Mungu hakuumba udongo na pasipoti." Akachimba kando ya mtaro, akafinyanga vyungu, akavikausha, akavichoma kwenye shimo. Vilitoka na rangi nzuri, kweli. Akavitia kwenye mabati, akauza vyote, akapita mbele ya kibanda cha Shangazi akipiga mluzi.

Wanunuzi walianza kurudi. Mama mmoja mwenye mgahawa alikuja na jiko kichwani na hasira usoni. Chungu kilikuwa kimepasuka kama yai katikati ya mapishi, mkaa ukamwagika sakafuni, sufuria ikafuata.

"Kengele! Nimepikia sakafu leo!"

"Labda umelikoleza mno, mama."

"Ni jiko! Nililikoleza, ulitaka nilibembeleze?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, kwa sababu kila fundi alikuwa na lake la namna hiyo mahali fulani mjini.

Shangazi aliona na jambo jingine, dogo, ambalo wengine hawakuliona. Asubuhi zilikuwa zimenyamaza. Nyundo zilikuwepo, lakini hakuna aliyekuwa akiita, "Njoo unipandie." Alipita vibanda akitazama kwa pembe ya jicho. Waliokuwa wakikunja mshono mara mbili sasa walikunja mara moja. Pipa lililoliwa na kutu, lililokuwa likitupwa, sasa lilipigwa rangi. Na kwa nini wasifanye hivyo? Mteja angekwenda wapi? Lango lilikuwa limefungwa, naye alikuwa ndani pamoja nao.

Akaitisha kikao. Akasimama mbele ya mafundi, mikono kiunoni.

"Ndugu zangu, niliomba lango lifungwe. Sasa nakwenda kuomba lifunguliwe."

"Kula matapishi yako mwenyewe!" sauti ikatoka nyuma.

"Nitayala, na chumvi nitaongeza. Bila chungu cha Wifi sisi tunauza masanduku."

Kengele akasimama, na safari hii hakupiga kelele, kwa hiyo wote walimsikiliza. "Shangazi, tuseme umefungua. Majiko ya karatasi nayo yatarudi. Tutakula nini? Wifi yako tunampenda, lakini nyuma ya wifi yako kuna malori."

Ilikuwa hoja ya kweli, na Shangazi hakuidharau. Pembeni yake palikuwa na jiko la zamani, moja la mwisho lenye chungu cha Wifi, na mguu wake, kwa mazoea tu, ukalipanda. Wa pili ukafuata. Akajikuta juu, anawatazama wote kutoka ghorofani kwake. Jiko likanyamaza chini yake.

Hapo akatabasamu.

"Kengele, lile jiko la bluu lilinizamisha kwa sababu limetoka nchi gani?"

"Kwa sababu ni jembamba."

"Basi! Sisi tulikamata nchi, mwizi akiwa ni wembamba. Lango liwe wazi, lakini pale langoni jiko lipandwe. La huku lipandwe, la kule lipandwe. Linalobeba mtu lipite, linalozama lirudi kwao likatengenezwe. Sheria tunayo miaka yote, tulikuwa tunaiweka hapa kwenye safu kama siri ya nyumbani."

"Na nani atakayekuwa anapanda?" mtu akauliza.

"Unaniona au hunioni?"

Wakacheka, ila hawakukubali wote. Kengele alisema aende zake, na asisahau kiatu. Shangazi akajibu kwamba atakwenda, na yeye Kengele aje na jiko lake bora, ili lipandwe kwa niaba ya safu. Hapo Kengele hakuweza kukataa mbele ya watu.

Siku ya gulio kubwa, mpakani palijaa. Pande zote mbili watu walikuwa wametandika bidhaa, na kizuizi kilikuwa katikati kama mtu aliyealikwa kwa makosa. Mkuu wa biashara alikuwepo, na mwenzake wa nchi ya pili, kwa sababu Shangazi alikuwa amepiga simu ofisini kwao asubuhi, mchana na jioni mpaka walipoona kuja ni rahisi kuliko kupokea. Ng'ambo alisimama Wifi na wafinyanzi wenzake. Karibu yake alisimama mwenye kiwanda, shati jeupe, mkononi anazungusha pete ndogo ya chuma inayong'aa.

Shangazi akaeleza kwa ufupi. Mkuu wa biashara akarudisha miwani juu. "Mama, mimi nilifunga mlichoniomba nifunge."

"Ndiyo, mheshimiwa, na hukukosea. Mwombaji ndiye aliyekosea. Leo anaomba vizuri."

Majiko yakaletwa. Mwenye kiwanda akatoa lake, jekundu, akasema haraka, "Lakini jiko ni la kupikia, si la kusimamia!"

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, "sufuria ya harusi ikijaa inanizidi mimi. Na mimi unaniona."

Watu wakapiga makofi pande zote mbili. Akavua kandambili. Akapanda lile jekundu kwa upole kabisa, kama anamwonea huruma, nalo likapiga magoti. Miguu mitatu ikalala pande tatu. Upande wa huku ukazomea, Kengele akizomea kuliko wote.

"Usizomee bado," alisema Shangazi. "Lete lako."

Kengele akaleta. Lilipakwa rangi vizuri. Shangazi akaweka mguu wa kulia, akasikia kii. Wote walisikia. Angeweza kushuka pale na kusema litoke, watu wake wangefurahi, na ni nani angemuuliza? Alimtazama Kengele usoni, akaona jinsi anavyomeza mate. Akaweka mguu wa kushoto.

Mshono ukaachia. Kutu ikamwagika kutoka chini ya rangi kama unga, na jiko likainama upande, taratibu, mpaka lenyewe likamteremsha Shangazi. Sasa upande wa kule ndio uliozomea, na mwenye kiwanda akachekea kwenye shati lake.

"La nyumbani nalo limezama," Shangazi alitangaza bila kupunguza sauti. "Lirudi kwao likatengenezwe."

Kengele aliokota bati lake. Alikuwa na mdomo wa kujibu, lakini kwa mara ya kwanza kengele ilikosa ulimi.

La mwisho lilikuwa lile la zamani. Shangazi alilipanda na halikusema kitu. Akaligonga kwa kisigino, halikusema kitu. Akamwita ofisa wa forodha, yule wa chai. "Njoo, mwanangu, panda na wewe, nishike mkono." Ofisa akamtazama mkuu wake, akavua kofia, akapanda. Wakasimama wawili, wameshikana mikono juu ya jiko moja kama maharusi wasiolingana, na jiko likawa kimya.

"Mke wako akisikia hili redioni," Shangazi akamnong'oneza, "usikae naye karibu wakati wa chai."

Wale wakuu wawili walijitenga kando ya kizuizi wakazungumza, kila mmoja kwenye nchi yake, viwiko vyao vikiwa juu ya chuma kile kile. Waliporudi, mkuu wa biashara alisema vyungu vitapita kuanzia siku ile. Majiko kamili ya pande zote mbili yatapita pia, lakini kwanza yapandwe, moja kutoka kila lori, langoni, mbele ya maofisa wa nchi zote mbili. Likizama, lori zima linageuza. "Tujaribu mpaka mvua ziishe," alisema. "Tukiona linakwenda, tutaliandika liwe sheria." Mwenzake akaitikia kwa kichwa, akauliza kama upande wao nao wanaweza kumwazima Shangazi.

Mwenye kiwanda akamgeukia Wifi, akamnyooshea ile pete inayong'aa. "Na jibu langu?"

Wifi hakuipokea. "Kwanza nenda ukanunue bati nene. Mapipa yapo kule kwa wifi yangu, tele. Ukileta jiko linalobeba mtu, njoo, nitakufinyangia chungu. Kwa pete ya mume wangu."

Akageuka, akashusha begani pete ya zamani. Alikuwa ameivaa kama mkoba, imefunikwa na mtandio, siku nzima hakuna aliyeiona. Mafundi waliokuwa karibu wakasogea kuitazama. Ofisa akainua kizuizi, na Wifi akapita chini yake wima, bila kuinama kama mbuzi.

Shangazi alikuwa ameilaza pete yake juu ya gunia. Wifi akapiga goti, akalaza ya kwake ndani. Chuma kilikuwa kimechakaa pande zote mbili, kila mmoja alikuwa ameisugua yake miaka yote kwa mikono yake. Shangazi akapitisha kidole katikati, akakizungusha duara zima mpaka kiliporudi kilipoanzia.

"Hatujazidi kidole," alisema.

"Tulitaka kuzidi," Wifi akamjibu.

"Tulitaka. Wifi, ukisikia tena naongea redioni..."

"Nitapiga simu kwanza, nijue una kiatu gani."

Wakacheka wote wawili, wakajishika magoti kuinuka, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Nyuma yao lori lilikuwa limeshaanza kupakiwa, majani makavu yakipeperuka, na vijana wa pande zote mbili wakipokezana vyungu mkono kwa mkono juu ya mstari ambao hakuna aliyeutazama.

Kesho yake asubuhi, Shangazi alikuwa bado hajavua viatu vya njiani alipoitwa kutoka kibanda cha karibu na mtaro. Sauti ilikuwa ya chini, haikuzoeleka kuwa ya chini.

"Shangazi."

"Nini, Kengele?"

"Nimekunja mara mbili. Njoo unipandie."

Akaenda, akilalamika njia nzima.